Sweta Iliyoshinda na Ubao Unaoivaa

Gilbert Leask,
Nyumba ya Juu, Nordagarth,
Shetland.
Jumanne, 17 Agosti 1976

Mheshimiwa Bi Merran Mouat,
Mwenyekiti, Kamati ya Maonyesho ya Mifugo na Kazi za Mikono,
Nordagarth.

KUH: OMBI LA KUMNYANG'ANYA MKE WANGU KADI NYEKUNDU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa upande wa heshima, ambao uliumia Jumamosi mchana mbele ya watu wote wa Nordagarth na ng'ombe wao. Najua wewe ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na kwamba ungeweza kukatiza shamba la kondoo ukaja kunywa chai nikakueleza kwa mdomo. Lakini kwa mdomo utacheka. Kwa maandishi, kamati italazimika kuisoma barua hii kwenye kikao, na mkicheka itabidi katibu aandike kwamba mlicheka.

Ombi langu ni dogo. Naomba kamati imvue mke wangu, Osla, ushindi wa kwanza aliopewa katika fungu la sweta za kiume zilizofumwa kwa mkono. Sisemi hivi kwa wivu. Kadi nyekundu ya mshindi ilipobandikwa kwenye ile sweta, mimi ndiye niliyepiga makofi wa kwanza, na nilipiga mpaka mchungaji akageuka kuangalia kuna nini. Hilo naomba liandikwe pia.

Shida ilianza pale ulipopata wazo lako, Mheshimiwa. Miaka yote sweta hulala mezani, jaji huzipapasa, watu hupita, hunywa chai, huenda zao. Mwaka huu kwa kuwa kulikuwa na mpiga picha wa gazeti, ukaona ni vizuri mume wa mshindi apande jukwaani aivae. "Panda, Gibbie," ukasema kwenye kipaza sauti, "panda baba, leo wewe ndiye bwana harusi." Na mimi mjinga nikapanda.

Uliyaona mwenyewe, lakini kwa ajili ya wanakamati waliokuwa kwenye zizi la kondoo dume nitayarudia. Mikono yangu iliingia kwenye mikono ya sweta na haikutokea tena. Mabega yakasimama huku na huku, ndani yake hamna mtu. Pindo la chini likafika tumboni likagoma, kwa sababu hapo ndipo mimi ninapoanzia. Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka, maana mtu aliyeendesha gari la mikate miaka ishirini hachelewi kuzoea kuchekwa. Ndipo Bi Baabie, jirani yetu, ambaye macho yake sasa ni ya kukisia, akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akasema kwa ile sauti anayodhani ni ya kunong'ona: "Jamani, Lowrie huyo. Mabega yale yale."

Kicheko kikakatika. Kila mtu aliyeketi mle ndani aliyatazama yale mabega, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba wameyatambua. Osla akachukua kikapu chake akatoka kwa mlango wa kupitishia keki. Mpiga picha akauliza Lowrie ndiye nani. Mimi nikabaki jukwaani ndani ya mwili wa mwanamume mwingine, na ili nitoke humo ilibidi wewe na mke wa mchungaji mnivute kama ndama anayezaliwa.

Kwa wale wanakamati waliohamia juzi: Lowrie Halcrow alikuwa mume wa kwanza wa Osla. Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na kifua kilimwondoa miaka kumi na moja iliyopita. Sikuwahi kugombana naye. Alikuwa akinunua mkate kwangu, akiushika kwa mikono miwili na kunishukuru kila mara kana kwamba nimempa bure. Ningeshukuru sana kama angekuwa mlevi, au mkorofi, au hata mnunaji tu, maana marehemu mbaya ni rahisi kuishi naye. Huyu hana doa, na mimi ndiye niliyekuja baada yake. Nina miaka minne sasa ya kuitwa mume wa Osla, na mpaka Jumamosi nilidhani ni kweli.

Malalamiko yangu yako kama ifuatavyo.

1. Ubao.

Wewe una wako nyuma ya mlango wa jikoni, kwa hiyo unajua ubao wa sweta ulivyo. Wetu unasimama ukumbini, ukifungua mlango tu unakutana nao: miguu miwili, mikono miwili iliyonyooshwa kama inakukaribisha, kichwa hauna. Umejaa matundu na vigingi, ili kila mwenye sweta apimiwe mabega yake na urefu wa mikono yake, vigingi vihamishwe, sweta mbichi ivalishwe ikauke kwa umbo la mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake katika nyumba za watu wengine. Wa kwetu Lowrie aliuchonga kwa mikono yake kutokana na mbao zilizosukumwa ufukweni na bahari, akajipima mwenyewe, akatia vigingi, akafa. Havijahama hata tundu moja.

Nilipohamia na sanduku langu nilimwambia Osla kwa adabu, "Mke wangu, tusogeze hivi vigingi kidogo, mimi ni wa kimo kingine." Hakuacha hata kufuma. "Vimeganda," akasema. "Mbao zimekunywa maji. Ukivilazimisha utaupasua." Mtu wa mikate anajua nini kuhusu mbao.

2. Kwa hiyo mimi hufufua mtu kila wiki.

Nieleweke vizuri. Sweta hii ya kanisani, yenye mistari ya maua na nyota ambayo jaji aliisifu mpaka povu likamtoka, Osla huifua kila Jumamosi asubuhi. Huizamisha kwenye maji ya uvuguvugu, haisugui, haikamui kwa kuipotoa, huibinya tu ndani ya taulo kama anambembeleza mtoto aliyeanguka. Kisha huivalisha ubao. Hupitisha uzi shingoni, kwenye pindo na kwenye ncha za mikono, hukaza, hurudi nyuma hatua moja, hutazama, husogea hukaza tena. Nimemwona akiupigapiga ule ubao begani akimaliza. Hunipigi wewe begani, nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa na mkate mdomoni.

Sufu mbichi haina msimamo, itaamini chochote utakachoiambia. Ikikauka huwa imeshaamini kwamba mimi ni Lowrie. Jumapili naenda kanisani nikiwa Lowrie. Jumatatu bado ni Lowrie, nimekunja mikono mara tatu. Katikati ya wiki viwiko vinaanza kunijua, tumbo linajitafutia nafasi, na ikifika Ijumaa naangalia kwenye kioo cha gari naona mtu ninayemfahamu. Nakaribia kumpa mkono. Basi Jumamosi Osla ananikagua kuanzia juu mpaka chini, anatikisa kichwa, anasema, "Imeharibika umbo hiyo. Ivue." Umbo lililoiharibu, Mheshimiwa, ni langu.

3. Salamu zangu zinapokelewa na mbao.

Osla huutoa ubao nje upigwe na upepo, maana jua kali huichosha rangi na jiko huikaza sufu, na upepo ndio kitu pekee ambacho Shetland haijawahi kupungukiwa. Huusimamisha kwenye ukuta wa mawe ulioelekea barabarani. Hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu kukiwa na ukungu mtu akipita barabarani anaona sweta ya maua na nyota, anaona mikono imenyooshwa, anapunga. Mchungaji alipunga. Siku ya pili akanijia kwenye gari la mikate: "Bwana Leask, nilikupungia jana mpaka mkono ukachoka. Kama una jambo na mimi, useme." Nilimwambia ule ulikuwa ubao. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia uongo wa mtoto, na Jumapili iliyofuata akahubiri kuhusu kiburi.

Mbwa wa Bi Baabie ndiye ananiudhi kuliko mchungaji. Huupita ubao kwa heshima, mkia chini, halafu akifika kwangu anabweka kama ameona mwizi wa kondoo.

4. Sweta yangu ya kazi haistahili hata ubao.

Hapa naomba kamati isikilize kwa makini, kwa sababu dharau hii iko wazi. Ninayo sweta nyingine, ya kijivu, ambayo Osla alinifumia majira ya baridi tuliyooana. Haina ua wala nyota. Naivaa kwenye gari la mikate, ina unga kwenye mishono na haifahamiki rangi yake halisi ni ipi. Hii haiwekewi ubao. Akishaifua anaitupa juu ya meza ya jikoni, juu ya taulo, anaisukumasukuma kwa viganja kama donge la unga, hapa anaivuta, pale anaipapasa, hata hapimi kwa kitu chochote, huku anasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Inakauka hapo hapo mezani, na sisi tunakula supu tumesimama. Marehemu anapata vigingi, nyuzi na upepo safi. Mimi napata meza.

5. Dhoruba ya Machi.

Nilikuwa juu ya paa nafunga bati, upepo ukapanda ghafla na ngazi ikaanza kutembea. Osla akatoka nje anakimbia, gauni limejaa upepo. Moyo wangu ukafurahi, sikufichi. Nikanyoosha mkono. Akapita chini ya mkono wangu kama hakuuona, akaenda kuukumbatia ubao, akaulaza chini taratibu, akauburuta mpaka ndani, akafunga mlango. Mimi nikashuka kwa njia ambayo upepo ulinichagulia. Nilipomuuliza jikoni, akasema, "Wewe una mikono ya kujishikilia." Na ubao je? Una mikono mirefu kuliko yangu.

6. Jaji wenu.

Simlaumu sana mama wa watu, amekuja kwa feri na alikuwa na mafua. Aligeuza sweta ndani nje akatafuta ncha za nyuzi, hakuzipata, kwa sababu Osla akificha ncha hata yeye mwenyewe hawezi kuirudia. Aliinusa. Akavuta shingo ikarudi yenyewe. Akaangalia pale bega linapounganishwa, na pale hakuna alama ya kuungana. Sibishani na lolote kati ya hayo. Hakuna mwanamke hapa kisiwani, na ninakujumuisha wewe, Mheshimiwa, anayeweza kumaliza sweta kama mke wangu, na atakayesema vinginevyo nitamnyima mkate.

Lakini jaji aliandika kwenye kadi: "Umbo kamilifu." Umbo kamilifu la nani? Kanuni zenu zinasema fungu hilo ni la sweta ya mwanamume "inayofaa kuvaliwa". Basi mleteni huyo mwanamume. Mwiteni kwa kipaza sauti kama mlivyoniita mimi. Kama hawezi kuja kwa sababu zinazojulikana, sweta haina mwenyewe, na sweta isiyo na mwenyewe ni kitambaa cha kufunikia ubao, fungu ambalo bado hamjaliweka.

7. Nimeifuta, kwa sababu Osla alipita nyuma ya kiti changu.

Kwa malalamiko hayo, naomba kamati ifanye yafuatayo. Kadi nyekundu irudishwe, na apewe mshindi wa pili, yule msichana wa nyumba ya chini ambaye sweta yake ina mkono mmoja mfupi lakini angalau mchumba wake ana mikono. Kama kuirudisha ni usumbufu, basi lianzishwe fungu jipya la "Sweta za Kiume, Marehemu", na mke wangu aingie humo peke yake, ashinde kila mwaka, mimi nitapiga makofi nikiwa nimekaa. Kama hilo nalo ni zito, basi haki itendeke kwa upande mwingine: ubao usajiliwe kuwa mwanachama wa kamati, upewe kiti kanisani karibu na mchungaji ambaye wameshaelewana naye, uitwe kwenye mikutano ya barabara, na ulipe sehemu yake ya kodi ya nyumba, maana unakaa ukumbini kuliko mimi.

Na tusiishie kwangu. Nimeanza kuchunguza. Wanaume wangapi hapa Nordagarth wanatembea katika maumbo ambayo hawakuyachagua? Mume wako Ertie, Mheshimiwa, mbona Jumapili ana kiuno? Hana kiuno huyo, tumekua pamoja. Naomba mbao zote zikaguliwe nyumba kwa nyumba. Naomba mchungaji, anapofungisha ndoa ya mjane, baada ya kuuliza kama kuna mwenye pingamizi aulize kama vigingi vimehamishwa. Na ikishindikana kabisa, Januari kwenye sherehe ya moto, badala ya kuchoma mashua nzuri iliyopakwa rangi miezi kadhaa, tuchome mbao. Zitawaka vizuri. Nitabeba wetu mwenyewe begani, kama bega langu litakuwa limerudi.

Mwisho, naomba kamati iamue kwa kura ya siri ni nani mume katika Nyumba ya Juu. Nimejaribu kuliuliza hili kwa Osla mara kadhaa na kila mara maji yalikuwa yanachemka. Merran, sasa nakuandikia kama binamu. Sina ugomvi na mtu aliyekufa. Tangu Jumamosi Osla hajasema na mimi zaidi ya "chumvi hiyo hapo". Nimekaa naye kila jioni nikiutazama ule ubao ukumbini, na ninachotaka kujua ni kimoja tu. Nikifa kesho, kuna tundu lolote katika nyumba hii litakalokumbuka mabega yangu? Hilo tu. Mengine yote mnaweza kuyakataa.

Nisalimie Ertie na kiuno chake. Nisalimie mama mkwe wako, mwambie mkate wa shayiri aliouagiza utakuja Alhamisi. Msalimie yule fahali wenu aliyepata kadi ya buluu ya mshindi wa pili, naye najua amedhulumiwa. Mpe salamu mpiga picha, na umwombe akipata nafasi apotee na filamu yake kabla gazeti halijatoka Ijumaa. Bi Baabie nitamsalimia mwenyewe, akinitambua. Ubao simsalimii mtu kwa niaba yake, unajitosheleza.

Ni mimi, mtiifu wako na binamu yako, niliyeingia kwenye sweta kwa hiari na kutolewa kwa nguvu,

Gilbert (Gibbie) Leask

N.B. Nimeifungua bahasha hii kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usimlaumu mtu wa posta kwa hiyo mikunjo.

Nilipokuwa nabandika stempu, upepo ulivuma kutoka magharibi. Osla alikuwa ameifua ile sweta tena jana, kwa kuwa tumbo langu liliitesa jukwaani, na ubao ulikuwa nje ukutani. Nikasikia Bi Baabie anapiga kelele dirishani kwake: "Gibbie! Gibbie, Lowrie kaanguka!" Sijui kwa nini nilikimbia, lakini nilikimbia hata viatu sikuvaa vizuri. Ubao ulikuwa umevuka ukuta, umelala kifudifudi kwenye shamba la Bi Baabie, na kondoo dume anaunusa. Nikamfukuza. Sweta ilikuwa imechomoka upande mmoja, na vigingi viwili vya mabegani vilikuwa kwenye majani.

Nikaokota kimoja nikakirudisha tunduni. Kiliingia laini kama kisu kwenye siagi. Nikakitoa, kikatoka. Nikajaribu vya mikononi, vya kiunoni, vyote vilitoka kwa vidole viwili. Nikanusa vidole vyangu: mafuta ya kondoo. Merran, havikuwahi kuganda. Kuna mtu alikuwa akivitoa kimoja kimoja, akivipaka mafuta, akivirudisha katika matundu yale yale, miaka yote hii, na mtu huyo sikuwa mimi.

Niliketi kwenye majani. Kisha, sikufichi nilichofanya: nikavipanga upya, kwa kimo changu. Nikausimamisha ubao nikautazama. Mfupi, mnene, hauna kichwa. Ndipo nikamwona Osla amesimama upande wa pili wa ukuta, anahema. Hakuitazama sweta yake ya kadi nyekundu iliyokuwa kwenye kinyesi cha kondoo. Alitazama vigingi.

Hakunigombeza. Alisema, "Picha yake ninayo moja tu, Gibbie. Amekaa, na amempakata mbwa. Ukivihamisha hivyo sitajua tena alikuwa mpana kiasi gani."

Basi nikavirudisha. Nilidhani nayajua matundu yake kwa moyo, maana nimeyachukia miaka minne. Osla akaangalia, akasema, "Cha kushoto, panda tundu moja. Bega lake la kushoto lilikuwa juu." Nikakipandisha. Nikaona nisiponena sasa sitanena tena, nikamuuliza, "Na mimi?"

"Wewe una nini?"

"Mimi nimetundikwa wapi?"

Akacheka, Merran, mara ya kwanza tangu Jumamosi, akaupanda ule ukuta akaja akaketi karibu yangu. "Ile ya kijivu inakukaa?" akaniuliza. Nikasema inanikaa. "Mikono yake mirefu?" Si mirefu. "Inakubana tumboni?" Haijawahi. "Nani aliyeipima?" Akaniwekea kiganja hapa begani, akakishusha mpaka kwenye kiwiko, kama anavyoisukuma ile sweta mezani, bila kuangalia. "Ubao ni wa mtu asiyekuwepo," akasema. "Wewe upo. Nakushika, najua. Ukifa nitakuchongea wako. Una haraka?"

Nikamwambia sina haraka.

Tuliubeba ubao pamoja, yeye kichwani, ambako hakuna kichwa, mimi miguuni. Kwa hiyo naomba kamati iyafute malalamiko yote, namba moja mpaka saba. Ningeichana barua hii, lakini stempu ilikuwa imeshatoka mdomoni kwangu na kugandamana na bahasha, na hicho ndicho kitu pekee kilichoganda katika nyumba hii. Kadi ibaki kwa Osla. Mwambie mpiga picha asiipoteze filamu, na chini ya picha waandike majina yote mawili, la Lowrie kwanza.

Mwakani tutaleta ile ya kijivu. Haitapata kitu. Inakaa vibaya kila mahali isipokuwa kwangu.